Ukubwa Si Ukarimu

Msomaji wangu, bila shaka umepata kusimama mbele ya meza ya duka la chipsi, fedha mkononi na njaa tumboni, na mwuzaji akakuuliza kwa sauti ya upole, "Utaongeza shilingi 50 tu, iwe kubwa?" Swali hilo ni fupi, nalo huulizwa kwa tabasamu, na aghalabu hujibiwa kabla halijafikiriwa. Mwenye kuulizwa hutazama nyuma akaona wenzake wamejipanga wakimsubiri. Huchelea asije akadhaniwa bahili. Hutoa shilingi 50, hupokea mfuko uliotuna, akaenda zake akiamini kwamba amepata faida. Nakusudia kukuonyesha kwamba faida hiyo haikuwa yake. Wapo wasemao kuwa mfuko mkubwa ni ukarimu wa mwenye duka. Mimi nakana neno hilo. Mkarimu hukupa kilicho chake bila ya kukutoza nyongeza. Lakini huyu amekuuzia njaa ambayo hukuwa nayo ulipoingia dukani mwake.

Jambo hili lina tarikhi yake, na tarikhi hiyo haikuanzia kwetu. Mwezi wa Aprili mwaka 1955 bwana mmoja aitwaye Ray Kroc alifungua duka la McDonald's katika mji wa Des Plaines, karibu na Chicago, huko Marekani. Lilikuwa duka la chakula cha kununua na kwenda nacho. Watu waliegesha motokaa zao, wakanunua dirishani, wakaondoka. Orodha ya vyakula ilikuwa fupi hata mtoto angaliweza kuihifadhi kwa kuisoma mara moja. Ratili moja ya nyama iligawanywa mafungu kumi, kwa hivyo nyama ya hambaga moja ilikuwa na uzani wa gramu 45 hivi. Chipsi zilikuwa za kadiri moja tu, gramu 68 hivi. Soda nayo ilikuwa ya kikombe kimoja cha aunsi 7, yaani mililita 207. Hapakuwa na kikombe kidogo wala kikubwa. Kikombe kilikuwa kikombe.

Wala usidhani kwamba Wamarekani wa siku zile walikuwa watu wa dhiki. Walikuwa taifa tajiri kuliko mataifa yote, na wengi wao walifanya kazi za mikono viwandani na mashambani, kazi ambazo hutia njaa kweli kweli. Hata hivyo mtu mzima aliyetoka kazini alikula gramu 68 za chipsi, akajifuta mikono, akaona amekula. Chupa ya Coca-Cola aliyokuwa akiinywa tangu utoto wake ilikuwa ya aunsi 6 na nusu, yaani mililita 192. Hakulalamika. Hatusikii kwamba watu waliandamana barabarani wakidai vikombe vikubwa zaidi. Kumbuka neno hili, maana baadaye wenye maduka walisema kwamba walaji ndio waliotaka.

Basi ni nani aliyetaka? Katika mji ule ule wa Chicago palikuwa na meneja wa majumba ya sinema, jina lake David Wallerstein. Jumba la sinema hupata faida kubwa katika bisi na soda kuliko katika tiketi, na Wallerstein alijaribu kila hila ili watu wanunue bisi zaidi. Alijaribu kupunguza bei, alijaribu kuuza mbili kwa pamoja, wapi! Mtu alinunua paketi moja, akaila, akaishia hapo. Wallerstein alitafakari sana juu ya jambo hili, na mwishowe akang'amua kitu ambacho hakimo katika vitabu vya hesabu. Watu wale hawakuacha paketi ya pili kwa kuwa hawakuitaka. Waliiacha kwa sababu ya haya. Kusimama mbele ya watu mara ya pili na kununua tena ni kujitangaza kuwa mlafi. Ndipo akatengeneza paketi moja kubwa, akaiuza kwa bei iliyozidi kidogo. Watu wakainunua kwa wingi, kwa kuwa paketi moja ni moja, hata ikiwa kubwa kama ndoo.

Baadaye Wallerstein aliingia katika halmashauri ya wakurugenzi wa McDonald's, akapeleka shauri lake kwa Kroc juu ya chipsi. Husimuliwa kwamba Kroc alikataa, akasema kuwa atakaye chipsi zaidi na anunue paketi mbili. Lilikuwa jibu la mtu mnyofu. Lakini Wallerstein alikwenda kukaa katika maduka ya kampuni akiwatazama walaji, akawaona wakikung'uta paketi zao wapate vipande vya mwisho na chumvi iliyobaki. Mwaka 1972 paketi kubwa ya chipsi ikaanza kuuzwa.

Msomaji, litazame jambo hili kwa makini, kwa maana hapa ndipo penye kiini cha maneno yangu. Kilichoshindwa pale hakikuwa njaa, kilikuwa haya. Na haya ni mlinzi wa zamani sana. Wazee wetu wa pwani walipoketi kuzunguka sinia moja, kila mtu alikula upande wake, na mkono uliovuka mpaka ulionekana na wote. Huko bara mama aligawa chakula kwa mwiko wake, akijua nani ametoka shambani na nani amelala mchana kutwa, na mtoto aliyetaka nyongeza ilimpasa kuiomba kwa kinywa chake. Kuomba kule kulikuwa kipimo. Mtu hujiuliza nafsini kabla ya kuomba: je, kweli nina njaa? Paketi kubwa imemwondolea mtu swali hilo. Chakula cha pili kimetiwa ndani ya cha kwanza, kikafunikwa, na mlaji hana tena pa kusimama akajiuliza.

Sasa uliza kwa nini mwuzaji alitaka hivyo. Fikiri juu ya bei ya mfuko mmoja wa chipsi. Ndani ya bei hiyo mna kodi ya nyumba, mshahara wa mpishi, umeme, mafuta, karatasi, matangazo yaliyobandikwa barabarani, na mwisho kabisa ndipo viazi. Ukiongeza konzi moja ya viazi, kodi haizidi, mshahara hauzidi, na mwenye taa zilizokwisha kuwaka hakuwasha nyingine kwa ajili yako. Katika zile shilingi 50 ulizoongeza, sehemu ndogo imekwenda kununua viazi, na iliyobaki imelala katika sanduku la mwenye duka. Katika soda hesabu ni mbaya zaidi, kwa kuwa soda ni maji na sukari. Huko Marekani sukari ya maji itengenezwayo kwa mahindi ilikuwa rahisi mno katika miaka ya 1970 na 1980, hata kampuni ya Coca-Cola ikaanza mwaka 1980 kuitumia mahali pa nusu ya sukari yake ya kawaida, na mwaka 1984 ikaitumia peke yake. Mwaka ule wa 1980 maduka ya 7-Eleven yalianza kuuza kikombe cha aunsi 32, ambacho ni karibu lita moja. Kabla ya miaka kumi kupita yalikuwa yakiuza cha aunsi 64, ambacho ni karibu lita mbili. Tumbo la mtu mzima aliyeshiba huchukua kiasi cha lita moja hadi moja na nusu. Waliuza kikombe kinachozidi chombo cha kukitilia!

Wanawake wawili wataalamu wa lishe, Lisa Young na Marion Nestle wa New York, walitoa uchunguzi wao mwaka 2002. Walipima vyakula vilivyouzwa tayari, wakavilinganisha na vipimo vya zamani, wakaona kwamba kadiri zilianza kukua katika miaka ya 1970, zikapanda kwa kasi katika miaka ya 1980, na hazikukoma kupanda. Wakati huo McDonald's ilikuwa na vikombe vya kila namna, cha mwisho kikiwa cha aunsi 42, mara sita ya kile cha mwaka 1955. Kikombe kilichoitwa cha mtoto kilikuwa cha aunsi 12. Naam, mtoto wa mwaka 2002 alipewa soda nyingi kuliko mtu mzima wa mwaka 1955, wala mzazi hakuona ajabu, maana kikombe kiliandikwa kuwa ni cha mtoto.

Na hapa twafikia hila iliyo mbaya kuliko zote, ambayo ni hila ya majina. Zile gramu 68 za chipsi, zilizokuwa chipsi zenyewe hapo kwanza, hazikuondolewa katika orodha. Zilibaki, lakini zikaitwa "ndogo". Kitu hakikupungua hata kiazi kimoja; kilichobadilika ni jina, na kwa jina hilo mtu aliyekuwa akila chakula cha kutosha sasa anahesabiwa kuwa amekula kidogo. Mwaka 2004 watu walipoanza kupiga kelele, kampuni ile ikasema itaiondoa kadiri yake kubwa kuliko zote. (Wengi hudhani kwamba iliondolewa kwa ajili ya filamu ya Morgan Spurlock, aliyekula vyakula vya duka hilo kwa siku 30 mfululizo. Mimi siitegemei filamu hiyo, kwa kuwa mwaka 2017 mwenyewe alikiri kwamba alikuwa mnywaji wa pombe kwa miaka mingi, jambo ambalo filamu haikulieleza. Hoja njema haina haja ya shahidi mbovu.) Mwaka 2006 kampuni nyingine, Wendy's, ililiacha jina la kikombe chake kikubwa cha aunsi 32, watu wakafurahi. Kumbe kikombe chenyewe kilikuwa pale pale, kikiitwa sasa "cha kati", na juu yake pamewekwa kingine cha aunsi 42.

Mlaji asiyesoma kipimo huongozwa na jina kama kipofu aongozwavyo kwa fimbo. Alfred Taubman, aliyekuwa mwenye kampuni ya A&W, alisimulia kwamba mwanzoni mwa miaka ya 1980 walitoa hambaga ya theluthi ya ratili ili kushindana na ile ya McDonald's ya robo ratili, kwa bei ile ile. Haikununuliwa. Walipowauliza watu sababu, wengi walijibu: kwa nini tulipe sawasawa kwa theluthi, na ilhali robo ni kubwa zaidi? Waliona tarakimu 3 na tarakimu 4, wakafikiri kuwa nne imezidi tatu. Unacheka, nami nilicheka. Lakini wewe uliyefaulu hesabu za sehemu katika shule ya msingi, je, waweza kuniambia mfuko "mkubwa" ulioununua mwisho ulikuwa na gramu ngapi?

Watetezi wa mifuko mikubwa wana jibu lao, nalo husikika kama jibu la haki. Husema: hapana aliyelazimishwa. Aliyeshiba na aache, chakula ni chake na mdomo ni wake. Ingalikuwa hivyo, ningaliweka kalamu chini. Mwaka 2002 Barbara Rolls na wenzake wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania State waliwapa watu wazima makaroni ya jibini kwa siku mbalimbali, mara gramu 500, mara zaidi, mpaka gramu 1,000, wakawaambia wale watakavyo. Waliopewa sahani kubwa kabisa walikula kwa asilimia 30 zaidi ya walivyokula kwa sahani ndogo. Walipoulizwa juu ya shibe yao baada ya kula, majibu ya siku zote mbili yalikuwa karibu sawa, na wengi wao hawakutambua hata kidogo kwamba sahani zilikuwa zimebadilishwa. Maana yake ni nini? Maana yake ni kwamba tumbo si hakimu mwaminifu kama tunavyodhani. Jicho huona sahani, sahani husema hiki ndicho chakula cha mtu mmoja, na mkono hutii. Aliyeipanga sahani ndiye aliyeamua. Kusema kwamba mlaji yuko huru, hali kipimo kimekwisha kuchaguliwa na mwingine, ni kama kumwambia abiria kwamba yuko huru kushuka popote katika gari lisilosimama.

Rudi sasa nyumbani pamoja nami, kwa maana huenda ukasema kwamba hayo ni mambo ya Wamarekani. KFC ilifungua duka lake la kwanza Nairobi mwaka 2011. Mwezi wa Januari mwaka 2022 maduka yake ya Kenya yaliishiwa na chipsi kwa kuwa meli zilichelewa, na watu wakataharuki walipogundua kwamba viazi vile huagizwa kutoka nje, ilhali wakulima wa Nyandarua wana viazi vya kutosha. Hasira ile ilikuwa ya haki. Lakini niliona kwamba hapana aliyekasirikia jambo la pili. Kilichokuja na maduka ya namna ile si viazi peke yake. Zimekuja kadiri zilizoamuliwa mbali, vikombe vilivyopimwa mbali, na picha iliyo juu ya meza ikionyesha mlo wa mtu mmoja kama ulivyofikiriwa na watu wasiokujua wewe wala mama yako. Viazi twaweza kuvibadilisha kwa vya Kinangop kesho, na kadiri ikabaki ile ile.

Huko vibandani petu mambo huenda kinyume, na yafaa niyaseme pia ili nisionekane nawaonea wageni. Karibu na nikaapo yuko mwuza chipsi ambaye ananifahamu tangu zamani. Ana kijiko chake cha bati cha kuchotea. Mwaka 2022, mafuta ya kupikia yalipopanda bei, nilipeleka fedha zile zile nikapokea karatasi ile ile, lakini nilipoishika niliona ni nyepesi. Nilitazama, nikaona kijiko kimebadilishwa. Nilipomwuliza alicheka, akasema, "Mwalimu, ningepandisha bei wangenikimbia. Kijiko hawakitazami." Simlaumu kama ninavyomlaumu mwenye maduka mia, huyu alikuwa akipigania kodi ya mwezi. Lakini alichokifanya ni ndugu wa kile alichokifanya mwingine. Mmoja amekikuza kipimo na mwingine amekipunguza, na wote wawili wamekisogeza gizani, huku jina likisimama pale pale ubaoni.

Wataka kuona kwamba nasema kweli? Kifuate kiazi mpaka kilikotoka. Kwa miaka mingi mkulima wa viazi wa Kenya amedhulumiwa kwa kitu kiitwacho lumbesa. Mnunuzi hufika shambani na gunia, na juu ya gunia hushonewa wavu au kipande cha gunia jingine, likajazwa mpaka likawa kama mtu aliyevaa kilemba. Mkulima hulipwa kwa hesabu ya gunia moja. Akiuliza, huambiwa kwamba gunia ni gunia. Kanuni za viazi za mwaka 2019 ziliamuru kwamba gunia lisizidi kilo 50, lakini kuamuru ni jambo moja na kutii ni jambo jingine, maana kiazi huoza na mkulima hana ghala, na mnunuzi anajua hivyo. Basi tazama safari ya kiazi hiki. Shambani, anaponunua mwenye fedha, kipimo hupanuliwa. Kibandani, anaponunua mwenye shilingi chache, kipimo hubanwa. Katika duka lenye taa nyingi hupanuliwa tena, ili mwenye fedha kidogo zaidi atoe zaidi. Mara tatu kipimo kimebadilika, na mara zote tatu kimebadilika upande wa yule aliyekishika. Lumbesa twaiita dhuluma. Mfuko uliotuna twauita ofa!

Najua kwamba mmoja wenu, hasa aliyeko shule ya bweni, ananisoma kwa hasira. Anasema moyoni: Mwalimu huyu ameshiba, angalikula githeri ya kijiko kimoja kila jioni kwa miezi mitatu, asingaliandika juu ya ubaya wa chakula kingi. Hoja hiyo ina nguvu kuliko zile za wenye maduka, nami sitaipita upesi. Uchunguzi wa afya wa taifa letu wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba watoto 18 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa kwa lishe duni. Uchunguzi huo huo ulionyesha kwamba wanawake 45 katika kila 100 wa umri wa miaka 20 hadi 49 wana uzito uliozidi. Mambo haya mawili yamo katika nchi moja, pengine katika mtaa mmoja, na pengine katika nyumba moja. Siandiki dhidi ya shibe. Mwenye njaa ana haki ya kushiba, na kwa sababu hiyo ndiye anayehitaji kipimo cha kweli kuliko mtu mwingine yeyote. Tajiri akipunjwa gramu 50 hajui. Mwanafunzi aliyeweka akiba ya wiki nzima huzijua. Na tena, kile kinachoongezwa katika mfuko mkubwa hakimfai mwenye njaa. Haongezewi maharagwe, wala mboga, wala yai. Huongezewa kilicho rahisi: viazi vilivyozama mafutani, chumvi, sukari na maji. Paketi ya chipsi iliyokuwa kubwa kuliko zote huko Marekani ilikuwa na kalori 610, nayo ilikuwa kando tu ya hambaga na soda. Hiyo si shibe ya mtu aliyedumaa. Amepewa uzito pasipo kupewa nguvu.

Wengine walijaribu kulizuia jambo hili kwa sheria. Mwezi wa Mei mwaka 2012 Meya wa New York, Michael Bloomberg, alipendekeza kwamba vinywaji vya sukari visiuzwe katika vikombe vinavyozidi aunsi 16, yaani mililita 473. Bodi ya afya ya mji ilikubali mwezi wa Septemba. Wenye kampuni za soda walikwenda mahakamani, na mwezi wa Machi mwaka 2013, siku moja kabla ya amri kuanza kazi, hakimu akaifuta. Mahakama kuu ya jimbo ikaikataa rufaa ya mji mwaka 2014. Na amri yenyewe ilikuwa na tundu: haikuyahusu maduka kama 7-Eleven, ambayo ndiyo yaliyoanzisha kikombe cha lita. Mimi siililii sana amri ile. Kumkataza mtu mzima kikombe ni kumfanya mtoto, na mtu akifanywa mtoto hutafuta kikombe hicho kwa ukaidi.

Nitakalo mimi ni jambo dogo, tena halihitaji polisi wengi. Ukinunua pakiti ya unga, kilo zake zimeandikwa. Ukinunua maziwa, mililita zake zimeandikwa. Sheria ya Vipimo na Mizani, Sura ya 513 ya sheria za Kenya, imekuwapo kwa miaka mingi, na mwuza nyama mwenye mizani ya uongo aweza kushtakiwa kwayo. Kwa nini chipsi ziuzwe kwa jina na picha? Marekani iliyalazimisha maduka yenye matawi 20 au zaidi kuandika kalori katika orodha zao tangu mwaka 2018, na Uingereza iliwalazimisha wafanyabiashara wakubwa tangu mwaka 2022. Aliyeweza kuhesabu kalori ameshapima chakula chake. Basi na aziandike gramu ubaoni, karibu na bei, kwa tarakimu za ukubwa ule ule: chipsi, gramu kadha, shilingi kadha. Gramu zikipungua, na zionekane zimepungua. Zikizidi, mnunuzi na agawe bei kwa gramu mwenyewe, kama alivyofundishwa katika darasa la hesabu, kisha alisikilize tumbo lake. Wenye maduka wakisema kwamba kazi hiyo ni nzito, waulize jinsi mama wa sokoni anavyoweza kuipima nyanya.

Likizo iliyopita nilifuatana na mpwa wangu, mwanafunzi wa kidato cha pili, tukaingia katika duka moja la chipsi mjini. Binti wa mauzo alimwuliza swali lile lile nililoanzia nalo. Mpwa wangu alinitazama, kisha akamgeukia, akauliza kwa adabu, "Samahani dada, hiyo kubwa ina gramu ngapi?"

Binti alitazama picha iliyo juu ya kichwa chake. Hakuona kitu. Akamwita meneja, naye meneja akaja akijifuta mikono, akasema, "Kubwa ni kubwa, kijana. Unataka au hutaki?"

"Nataka ya kawaida," akasema mpwa wangu, akalipa. Nyuma yetu alikuwapo mama mmoja aliyemshika mtoto mkono. Mama yule alisogea mezani na fedha zake, akamwambia binti, "Na hiyo ya kawaida, mwanangu, yenyewe ina gramu ngapi?"